Mkataba wa kwanza wa mpira wa mikono: Ujerumani, Ufaransa au Denmark?

Mei 2012 timu nne zilikutana Köln, Ujerumani, kumalizia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya mpira wa mikono: THW Kiel, Füchse Berlin, Atlético Madrid na AG København. Kiel ilitwaa kombe kwa kuifunga Atlético 26-21. Kufika mwisho wa Julai, AG København ilikuwa imefilisika, na nyota wake Mikkel Hansen akalazimika kutafuta timu nyingine. Ndipo alipoenda Paris. Julai 2013 Atlético nayo ikavunjwa. Katika muda wa miezi 14, nusu ya timu nne bora za Ulaya zilikuwa hazipo tena.

Naanzia hapo kwa sababu kijana anayewekewa mkataba wa kwanza mezani huuliza mambo mawili: klabu ina jina gani, na inalipa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo yasingemkinga mtu yeyote aliyesaini AG København mwaka 2011. Jina lilikuwepo na pesa ilikuwepo. Swali ninaloliweka mbele mimi ni hili: goti likikatika, au mdhamini akiondoka, nani atakulipa, na utarudi kucheza wapi? Ukizipima ligi kwa swali hilo, mpangilio wake hubadilika kabisa.

Ulinganisho huu ni wa kijana wa miaka 18 hadi 23 anayetaka kuishi kwa mchezo huu. Nimezipa nafasi kubwa nchi tatu ambako njia ya kuingia iko wazi zaidi, kisha nitagusa nyingine kwa kifupi. Kwanza tuone picha ya jumla kwa upande wa wanaume:

| | Ujerumani | Ufaransa | Denmark |
|---|---|---|---|
| Timu za ligi kuu | 18 | 16 | 14 |
| Mechi za msimu wa kawaida | 34 | 30 | 26, kisha mchujo |
| Bingwa hupatikana kwa | pointi | pointi | mchujo hadi fainali |
| Mabingwa 2021–2025 | Kiel, Magdeburg, Füchse Berlin | Paris Saint-Germain peke yake | Aalborg na GOG |

Mstari wa mwisho ndio ninaoutazama zaidi. Unaeleza mengi kuhusu dakika utakazopata, na tutaurudia.

Ujerumani

Bundesliga ndiyo ligi ambayo wachezaji wengi huiota, na wana sababu. Tangu 1977 ina jedwali moja la nchi nzima, kumbi hujaa, na mapenzi ya watu kwa mchezo huu ni makubwa kiasi kwamba Januari 2024, siku ya kwanza ya Kombe la Ulaya, watu 53,586 waliingia katika uwanja wa mpira wa miguu mjini Düsseldorf kutazama mpira wa mikono. Ubingwa hauna mwenyewe. Füchse Berlin iliupata 2025 kwa mara ya kwanza katika historia yake, na hata Kiel, yenye makombe mengi kuliko klabu yoyote nchini humo, haiwezi kuahidi lolote mwanzo wa msimu.

Kwa kijana, ushindani huo unakuja na gharama yake: mechi nyepesi hazipo. Kocha anayeongoza kwa mabao matatu ugenini, dhidi ya timu inayopigana isishuke daraja, hamtoi beki wake mzoefu, yaani mrushaji wa mbali, ili mtoto wa miaka 19 ajaribiwe. Wengi husaini klabu kubwa ya Ujerumani wakidhani kwamba mabadiliko yasiyo na kikomo yanayoruhusiwa katika mchezo huu yatawapa nafasi. Yanaweza kuwapa dakika tano mwisho wa kipindi cha kwanza. Dakika tano za kutetemeka, ukijua kwamba kosa moja linakurudisha benchi, hazimjengi mtu.

Wajerumani wenyewe wanalijua tatizo hilo, na jibu lao ni usajili wa aina mbili. Kijana anaweza kuwa na klabu ya ligi kuu na wakati huohuo akaruhusiwa kuichezea klabu nyingine ya daraja la chini. Jumatatu hadi Alhamisi anafanya mazoezi na mabingwa, mwisho wa wiki anacheza dakika 50 daraja la pili dhidi ya wanaume wazima wenye mabega mapana. Huo ni mpango mzuri mno, lakini uwe umeandikwa. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba "tutakutafutia timu ya pili", jihesabu kuwa huna timu ya pili.

Mfano ninaoupenda ni wa Renars Uscins. Alipita katika malezi ya Magdeburg, moja ya klabu kubwa kabisa, kisha 2021 akahamia Hannover-Burgdorf, klabu ya katikati ya jedwali, ambako alikuwa na nafasi ya kucheza. Mwaka 2023 alikuwa katika kikosi cha Ujerumani kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 21. Agosti 2024, katika robo fainali ya Olimpiki dhidi ya Ufaransa, akiwa na miaka 22, alifunga mabao 14 na Ujerumani ikashinda 35-34 baada ya muda wa nyongeza. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba angebaki Magdeburg asingefika huko. Mimi naamini zile dakika za Hannover ndizo zilizomfikisha.

Sasa mwili. Hesabu ya mchezaji wa klabu kubwa ya Ujerumani inatisha: mechi 34 za ligi, 14 za makundi ya Ligi ya Mabingwa katika mfumo ulioanza kutumika 2020, hadi 6 nyingine ukifika fainali, kombe la nchi, halafu timu ya taifa, ambayo kila Januari ina Kombe la Dunia au la Ulaya lenye mechi hadi 9. Jumla inavuka 65 bila shida. Ligi huchezwa hata tarehe 26 Desemba, na siku chache baadaye wachezaji wa taifa wanaingia kambini. Chama cha wachezaji wa Ulaya kimelalamikia ratiba hii kwa miaka mingi. Kinachochoka si goti peke yake: mwaka 2023 Mikkel Hansen, mtu aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tatu, alisimama kucheza kwa miezi kadhaa kwa sababu ya msongo, akiwa hata hachezi katika ligi nzito kama ya Ujerumani. Alirudi, akabeba dhahabu ya Olimpiki 2024, akastaafu. Ujasiri wake wa kulisema jambo hilo hadharani umewasaidia vijana wengi kuliko mabao yake.

Lakini kuhusu swali langu la goti, Ujerumani inajibu vizuri. Mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine yeyote. Akiumia, mwajiri anaendelea kumlipa mshahara kwa wiki 6 kwa mujibu wa sheria, kisha bima ya ajali kazini, ambayo kwa wanamichezo iko chini ya shirika liitwalo VBG, inachukua malipo na matibabu, yakiwemo mazoezi ya kurudisha nguvu. Kasoro ni kwamba malipo ya bima yana kiwango cha juu, hivyo mwenye mshahara mkubwa anaona pengo. Wachezaji makini huongeza bima ya binafsi juu yake.

Wala usidhani Ujerumani ina kinga dhidi ya kufilisika. HSV Hamburg ilitwaa Ligi ya Mabingwa 2013, na Januari 2016, msimu ukiwa katikati, ikajiondoa ligi kuu kwa kukosa fedha.

Ufaransa

Ufaransa inajulikana kwa timu yake ya taifa na kwa Nikola Karabatić, aliyecheza hadi miaka 40 na kuondoka 2024 na dhahabu tatu za Olimpiki. Kinachopaswa kumvutia kijana ni kitu kisichoonekana kwenye televisheni: vituo vya malezi vya klabu. Kituo hutambuliwa rasmi na wizara ya michezo, na sharti moja la kutambuliwa ni kwamba kijana lazima asome au ajifunze ufundi sambamba na mazoezi. Wafaransa huuita mradi wa njia mbili. Ratiba ya mazoezi hupangwa kwa kuzingatia masomo, na mtu anaweza kufikisha miaka 22 akiwa na cheti mkononi pamoja na mechi kadhaa za ligi kuu, iitwayo Starligue.

Nimesikia watu wakiubeza mpango huo kwamba unamgawa kijana akili. Siafikiani nao hata kidogo. Mchezo huu unagonga magoti, mabega na vifundo vya miguu kila wiki, na kazi ya mchezaji wa kawaida huisha katika miaka ya thelathini ya mwanzo. Aliyetoka na cheti hana haja ya kukubali mkataba mbaya kwa hofu ya njaa. Hiyo ni nguvu ya kujadiliana mezani, na wakala hawezi kukupa.

Jambo la pili ni udhibiti wa fedha. Shirikisho la Ufaransa lina tume inayokagua vitabu vya klabu, na klabu isiyoonyesha kwamba itaweza kulipa msimu mzima inaweza kuzuiwa au kushushwa daraja. Ukaguzi hauondoi hatari yote, ila unapunguza uwezekano wa kuamka Oktoba ukakuta mshahara haujaingia na hakuna anayepokea simu. Malipo ya klabu za kati si ya kumtajirisha mtu, lakini yanafika.

Kuhusu dakika, Paris Saint-Germain imekuwa bingwa kila msimu kuanzia 2015 hadi 2025. Juu pamefungwa, basi. Lakini hapo chini pana faida kwa kijana: klabu nyingi za Ufaransa zinajua hazitakuwa bingwa, kwa hiyo hazioni hasara kumchezesha mchezaji wao wa kituoni. Dika Mem aliipata nafasi yake Tremblay, klabu isiyo tajiri, na 2016 Barcelona ikamchukua akiwa bado kijana mbichi. Na kiwango kiko juu: mwaka 2018 timu tatu kati ya nne zilizofika Köln zilitoka Ufaransa, na Montpellier ikaondoka na kombe.

Mtindo wa huko ni wa nguvu na ulinzi mgumu. Beki mrefu mwenye kifua na pivoti, yaani mshambuliaji anayekaa katikati ya walinzi karibu na goli, anayependa kusukumana watajisikia nyumbani. Winga mwembamba anayeishi kwa mashambulizi ya kasi atafurahi zaidi kwingine.

Denmark

Denmark ni nchi ndogo ambayo timu yake ya wanaume imetwaa Kombe la Dunia mara nne mfululizo, 2019, 2021, 2023 na 2025. Siri yake kubwa ni kumwamini kijana mapema. Klabu nyingi hazina fedha za kununua nyota kutoka nje, hivyo beki wa miaka 19 anaanza, anakosea, na Jumapili inayofuata anaanza tena.

Mathias Gidsel ndiye hoja yangu. Alikaa GOG, klabu ya mji mdogo, hadi 2022 alipokwenda Füchse Berlin akiwa na miaka 23. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo na kuchaguliwa mchezaji mwenye thamani zaidi wa mashindano hayo. Alikwenda Ujerumani akiwa mtu mzima wa mchezo, akaanza mechi tangu siku ya kwanza, na 2025 klabu hiyo ikawa bingwa. Simon Pytlick na Emil Jakobsen walipita njia hiyohiyo ya GOG kabla ya kwenda Flensburg. Ukiona klabu moja ndogo imetoa watu watatu wa namna hiyo ndani ya miaka michache, jua kuna watu wanaofanya kazi yao ipasavyo.

Mchezo wa Kidenmark ni wa miguu: kasi, kumhadaa mlinzi mmoja kwa mmoja, pasi fupi, kurudisha mpira katikati upesi baada ya kufungwa. Tangu 2022, mwamuzi akiinua mkono kuonya kwamba timu inapoteza muda, washambuliaji wana pasi 4 tu badala ya 6 za zamani, na sheria hiyo imewapa thamani zaidi wachezaji wanaoweza kumpita mtu peke yao. Denmark ndiyo shule ya kujifunza hilo.

Upungufu upo. Ukiiacha Aalborg na wachache wengine, mshahara ni wa kiasi, na wengi husoma chuo au hufanya kazi ya saa chache. Kwa mgeni, mazungumzo ya benchi ni kwa Kidenmark. Muda wa mapumziko anaoomba kocha ni dakika moja, na usipoelewa sekunde kumi za mwanzo umeshachelewa. Na kisa cha AG København kilitokea hapohapo. Klabu iliyojengwa kwa mfuko wa mtu mmoja huishi maadamu mtu huyo anapenda.

Kwingine, kwa ufupi

Hispania inafundisha akili ya mchezo kuliko nchi yoyote, hasa namna za ulinzi na kazi ya pivoti, lakini tangu mdororo wa uchumi wa 2008 fedha zimekauka nje ya Barcelona, ambayo imekuwa bingwa kila mwaka tangu 2011. Kuna siri moja hapo: Barcelona huongoza kwa mabao mengi katika mechi nyingi za nyumbani, na dakika za mwisho huwa za vijana wake. Ukipata nafasi katika malezi yao, usiikatae.

Ureno imekuwa ufunuo. Ndugu wawili, Martim na Francisco Costa, walikomaa Sporting, wakicheza Ligi ya Mabingwa wakiwa wadogo mno, na 2025 taifa lao likamaliza la nne duniani.

Hungary na Poland zina Veszprém, Szeged na Kielce, klabu zinazolipa vizuri sana na kujaza kumbi. Ligi zao za ndani ni nyepesi, kwa hiyo mwaka mzima una mechi chache zinazokupima kweli. Huko ni kwa mchezaji aliyekwisha kukamilika. Na angalia nani analipa: Vardar ya Skopje, Makedonia Kaskazini, ilitwaa Ligi ya Mabingwa 2017 na 2019, kisha mfadhili wake mkuu akaondoka na kikosi kikatawanyika.

Qatar hutoa mikataba mifupi yenye malipo makubwa. Mwaka 2015 ilifika fainali ya Kombe la Dunia ikiwa na wachezaji wengi waliobadili taifa, ikafungwa na Ufaransa 25-22. Kanuni za dunia zinataka mchezaji akae miaka 3 bila kuichezea timu yake ya zamani ya taifa kabla ya kuichezea mpya. Kwa mtu wa miaka 21, miaka hiyo mitatu ni ile ambayo angepaswa kujulikana. Simshauri kijana yeyote aanzie huko.

Nafasi yako uwanjani inabadili jibu

Watu huulizana ligi ipi ni bora bila kuulizana wanacheza nafasi gani, na hapo ndipo ushauri mwingi unapopotea.

Kipa hapaswi kuwa na haraka. Thierry Omeyer alidaka hadi miaka 42. Katrine Lunde wa Norway alipata dhahabu ya Olimpiki Paris 2024 akiwa na miaka 44. Una muda. Lakini kipa wa pili wa klabu kubwa anaweza kumaliza mwezi mzima akiwa ameingia kudaka penalti tu, na kipa hakui bila kupigwa mipira 40 kwa mechi. Kwa hiyo kipa kijana abaki alipo namba moja, hata kama ni daraja la pili, hata kama ni nyumbani. Denmark au Ufaransa kwanza, Ujerumani baadaye.

Winga naye hudumu, akitunza misuli ya paja. Hans Lindberg, aliyezaliwa 1981, alicheza Bundesliga hadi 2024. Tatizo la winga ni kwamba makocha wengi hawambadilishi. Anacheza dakika 55 na mwenzake anakaa. Kabla ya kusaini, angalia umri wa winga aliye mbele yako na mkataba wake unaisha lini. Akiwa na miaka 34 na mkataba wa mwaka mmoja, hiyo ni klabu yako. Akiwa na 25, ondoka.

Kwa mabeki, yaani warushaji wa mbali, na kwa pivoti, hali ni tofauti. Wao ndio wanaogongana kila shambulizi, hivyo kocha hulazimika kuwazungusha, na kuna nafasi ya kuingia kama mtaalamu wa ulinzi tu: timu ikipoteza mpira unaingia mbio, ikiupata unatoka. Pivoti mwenye nguvu anaweza kujijengea jina Ujerumani kwa njia hiyo akiwa na miaka 20, wakati beki mwembamba wa umri uleule angemezwa. Ndiyo nafasi pekee ambayo ningeikubali benchi ya klabu kubwa bila kusitasita sana.

Na kama unatumia mkono wa kushoto na unacheza upande wa kulia, jua thamani yako. Mnahitajika katika kila kikosi cha watu 16, na duniani mko wachache. Gidsel, Mem, Uscins na Francisco Costa niliowataja wote ni wa mkono wa kushoto. Usikubali ofa ya kwanza kwa shukrani tupu.

Kwa wanawake ramani ni nyingine

Wakubwa wa Ulaya kwa wanawake hawako palepale. Győr ya Hungary, CSM București ya Romania, Metz ya Ufaransa, Esbjerg na Odense za Denmark: hizi ndizo klabu za juu, na msimu wa timu za taifa ni Desemba badala ya Januari. Fedha ni kidogo zaidi na hatari ni kubwa zaidi. Vipers Kristiansand ya Norway ilitwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023, na Januari 2025 ikafilisika msimu ukiwa katikati. Miezi michache baadaye ikafuata Ludwigsburg, iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Ujerumani. Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza usalama kuliko jina, tazama mabingwa hao wawili.

Kwa sababu hiyo, kwa msichana wa miaka 19 ningeiweka Ufaransa mbele bila kigugumizi. Mwaka 2021 ligi ya wanawake ya huko ilipata mkataba wa pamoja kati ya klabu na wachezaji, na kimojawapo cha vipengele vyake kinalinda mshahara wa mchezaji aliye mjamzito hadi mwaka mmoja. Kwingine jambo hilo bado linategemea moyo wa kiongozi wa klabu. Denmark inashika nafasi ya pili kwangu, kwa dakika na kwa mafunzo.

Na goti tena. Wanawake hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika mchezo huu, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: ni kutua vibaya au kugeuka ghafla. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2005, kwa wachezaji vijana zaidi ya 1,800, ulionyesha kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili, ya kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha paja, yalipunguza majeraha ya goti na kifundo kwa takriban nusu. Siku ya kuitembelea klabu, fika mapema uangalie wanavyopasha mwili. Kama ni kukimbia duara mbili na kuanza kurusha, umeshapata habari uliyoitaka.

Kinachoandikwa katika mkataba

Mshahara uandikwe kama ni kabla au baada ya kodi. Klabu za mashariki ya Ulaya hupenda kutaja kiasi cha mkononi pamoja na nyumba na gari. Za Ujerumani hutaja kiasi ghafi. Ukilinganisha namba hizo mbili kama zilivyo unajidanganya.

Kipengele cha kushuka daraja kiwepo: klabu ikishuka, uko huru au mshahara unapungua kwa kiasi kinachojulikana. Haki ya kumwona daktari wako mwenyewe iwepo pia, kwa kuwa daktari wa klabu ana kocha anayemsubiri mlangoni. Kuhama nchi ukiwa na miaka 16 hadi 23 kunaweza kuilazimu klabu mpya kulipa fidia ya malezi kwa waliokukuza. Hilo ni deni la klabu, lisiingizwe katika mshahara wako. Na katika mchezo huu ni kawaida kusaini klabu ya msimu ujao mwaka mzima kabla, wakati mwingine zaidi. Usione aibu kukataa. Mwaka ni muda mrefu: kocha aliyekutaka anaweza kuwa ameshafukuzwa kabla hujafika.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kawaida wa miaka 19, mwanaume, beki au winga, mpangilio wangu ni Denmark au Ufaransa hadi miaka 22 au 23, kisha Ujerumani kama mwili na moyo bado vinataka. Anayependa shule aanzie Ufaransa. Mwenye haraka ya kucheza aanzie Denmark. Pivoti mwenye mwili uliokomaa anaweza kwenda Ujerumani moja kwa moja, akiwa na usajili wa timu ya pili kwa maandishi.

Kabla ya kuweka saini, tafuta namba ya mchezaji aliyeumia katika klabu hiyo msimu uliopita, umpigie. Muulize mshahara wa mwezi wake wa nne nje ya uwanja uliingia tarehe ngapi.